Sauti Tatu za Maestro

Watu walizidi kumwogopa Maestro baada ya kupoteza sauti. Kabla ya hapo alikuwa na besi nene, na mtu mwenye sauti kubwa, ukishamzoea, unaweza kumtilia pamba masikioni. Lakini aliporudi kutoka Lubumbashi na kitambaa shingoni, madaktari wakiwa wamemkata kitu kooni, alibaki na mnong'ono tu. Mnong'ono huwezi kuupuuza. Kwaya nzima ilibana pumzi ili imsikie. Ukikohoa, umemkata neno; na ukimkata neno alikutazama mpaka ukatamani ardhi ipasuke.

Jina lake silisemi, na hata nikilisema wengi hawatalitambua. Kanisani alikuwa Maestro, sokoni Maestro, na mke wake mwenyewe alimwita hivyo hivyo wakati wa kumpakulia bukari, ugali wetu. Naye hakutuita majina yetu. Mimi nilikuwa Alto kabla sijaolewa na nikabaki Alto baada ya kuolewa. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza alikuja kuniona, akasimama mlangoni, akamsikiliza mtoto analia, akasema, "Huyu ni soprano," akaenda zake.

Kazini alikuwa mchora ramani katika ofisi ya kampuni ya mgodi, na ile tabia ya rula na penseli kali aliileta kwenye kwaya. Noti zote alituandikia kwa mkono, do na re na mi zimepangwa kama askari kwenye gwaride. Rula yenyewe hakuiacha ofisini. Hakumpiga mtu nayo, nasema kweli, ila alikunyooshea, na hiyo ilitosha kukukausha mate.

Sikio lake ndilo lililokuwa maarufu. Aliwahi kumtoa soprano mmoja nje kwa sababu ya bangili ambazo sisi wengine hatukuzisikia. Siku nyingine alisimamisha wimbo katikati, akamnyooshea rula baba mmoja wa besi, akanong'ona:

"Tata, weye haukukula. Enda kula, kisha urudie."

Kumbe kweli yule baba alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Alikwenda kwa mke wa Maestro, akapewa bukari na samaki, akarudi, na noti ya chini ikarudi naye. Tulicheka, lakini tulianza pia kuogopa kukaa karibu na mtu anayesikia matumbo.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alituhubiria subira, "Wimbo haukimbizwe," naye hakuweza kungoja chai ipoe. Kila siku aliungua ulimi na kila siku alishangaa. Wakubwa wa Chama walipomtaka afundishe nyimbo za kumsifu kiongozi, alikataa kwa kusema koo linamuuma, na hiyo ilikuwa miaka mingi kabla halijauma kweli. Koo lilipougua, wenye maneno yao walisema mdomo huponza kichwa, ila kwa Maestro umeponza koo. Alilisikia hilo pia. Hakuna alichokuwa hasikii, au ndivyo tulivyoamini.

Basi mtu huyo alirudi bila sauti, na wazee wa kanisa wakaja kumwona. Nilikuwepo, maana nilikuwa nimemletea mke wake mboga. Mwenyekiti wa wazee alikuwa mtu mwema mwenye maneno marefu, na siku hiyo aliyafupisha.

"Tata Maestro, shiye tunakuheshimu. Lakini mutu asiye na sauti ataonyesha batu noti namuna gani? Mutoto yako Tenori iko na sauti. Umupatie fimbo ya kuongoza kwaya, weye upumuzike."

Tenori alikuwa mwanafunzi wake, kijana aliyefundishwa na yeye tangu sauti yake haijavunjika. Maestro alikaza kitambaa chake shingoni. Kisha akanong'ona:

"Munipatie siku tu, mpaka Pentekoste."

Mwaka huo kwaya za Likasi na Lubumbashi zilikuwa zije kwetu Kolwezi kwa Pentekoste. Nilimjua Maestro kwa miaka, na sikuwahi kumsikia akiomba kitu. Hakuwa na watoto. Alikuwa na mke, ramani za watu wengine, na kwaya. Kumwondolea kwaya ilikuwa ni kumzika, ila kumwacha anatembea.

Ndipo ikaingia ile mashine. Mwalimu mmoja Mbelgiji wa fizikia, jirani yake, alikuwa akirudi kwao na hakutaka kubeba kompyuta yake ya nyumbani. Ilikuwa kibao kinene chenye vitufe kama vya taipureta. Unakiunganisha na televisheni, unaweka kaseti, unangoja. Yule Mbelgiji aliitumia kwa michezo. Maestro alisoma kitabu chake cha Kifaransa kutoka mwanzo hadi mwisho, na alipotokea upande wa pili alikuwa anajua kuiimbisha. Kila noti aliiandika kwa tarakimu: hii kimo chake, hii urefu wake. Siku ya kwanza tuliposikia "Roho Mtakatifu shuka" inatoka kwenye televisheni bila mtu kufungua mdomo, mama mmoja wa soprano alipiga alama ya msalaba, na sisi ni Waprotestanti.

Shida ni kwamba mashine ilikuwa na sauti tatu tu, na wimbo una nne. Maestro alinigeukia.

"Soprano, tenori, besi, itaimba yenyewe. Ya ine ni weye."

"Juu ya nini mi, Maestro?"

"Alto njo ile batu habasikie mpaka siku inakosa."

Sauti isiyosikika mpaka siku ikosekane: sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa. Tangu siku hiyo nilisimama pembeni ya kile kibao kila Jumamosi mchana, sebuleni kwake, nikiimba na kitu kisichopumua. Na kitu kisichopumua kilikuwa kinakufa.

Kilikufa katikati ya ubeti. Noti moja ilinasa na kuendelea weeee bila mwisho, na televisheni ikajaa vijisanduku na herufi za ovyo. Maestro alichomoa waya, akahesabu polepole, akachomeka, akarudisha kaseti mwanzo. Kupakia wimbo upya kulichukua muda wa kusonga bukari, na muda huo wote tulikaa kimya tunatazama shingo yake, lile kovu likipanda na kushuka. Hakuna aliyethubutu kunong'ona, maana kunong'ona kulikuwa kwake. Wiki hii mara moja, wiki ijayo mara mbili. Wazee walisikia, kwa sababu Kolwezi habari haina miguu lakini inafika. Mwenyekiti alirudi, safari hii bila kuketi.

"Maestro, ile ordinatere ikitufanyia haya mbele ya bageni, itakuwa mubaya. Jumamosi ya mbele ya Pentekoste tutakuya kusikiliza. Ikikufa ile siku, fimbo inaenda kwa Tenori."

Maestro aliifanyia ile mashine kazi kama daktari wa mtoto wake mwenyewe. Alikuwa na kanuni moja. "Badirisha kintu kimoja, ngoya. Ukibadirisha bibiri, itapona, lakini hautajua dawa njo gani." Alianza na umeme, maana umeme wetu ulikuwa unapanda na kushuka, akaazima kisawazisha umeme kwa fundi wa karakana. Ikafa. Akaja kwenye joto: akaondoa kifuniko, mke wake akasimama akipepea kwa sinia wakati sisi tunaimba. Ikafa, na sinia juu. Akasafisha kichwa cha kaseti kwa spiriti ya hospitali. Ikafa ikinuka spiriti.

Kisha akaona vumbi. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na upepo ulileta ule unga wa mabaki ya mgodi kutoka upande wa Kingamyambo, unaoingia hata kwenye yai bila kulipasua. Maestro alikipangusa kibao ndani kwa brashi ya rangi, akibonyeza kwa kidole gumba vile vidude vyeusi vyenye miguu mingi kama jongoo ili brashi ifike kila kona. Mashine ikafanya kazi siku kadhaa bila kosa. Tulimwona anatabasamu, jambo lililotutia wasiwasi zaidi.

"Ni vumbi," akanong'ona. "Nilijua."

Akaziba madirisha kwa karatasi. Akatundika shuka mlangoni. Tulivua viatu, tukaimba katika chumba kilichokuwa tanuri, jasho linatiririka, na Jumamosi ile jua lilipoanza kulegea mashine ikatoa weeee yake. Akaifungua. Ndani hapakuwa na vumbi hata la kuandikia herufi. Lakini alipangusa tena, akabonyeza tena, na ikapona tena. Dawa ilikuwa inafanya kazi na ugonjwa hakuujua. Sijaona kitu kinachomtesa mtu kama hicho.

Mtu anayeteswa hutafuta wa kumlaumu. Tenori alizoea kusimama karibu na meza, na Jumamosi moja mashine ilipokufa Maestro alimnyooshea rula.

"Weye. Inje."

"Maestro, mi sikugusa kintu."

"Inje."

Kijana yule alitoka. Aliimba sehemu yake akiwa uani, kupitia karatasi ya dirishani, bila kukosa noti. Mashine ikafa hata hivyo, naye akiwa nje. Sote tulimtazama Maestro, tukingoja amwite ndani. Hakumwita. Nilimchukia siku hiyo, na naandika hivyo kwa sababu nilimpenda pia, na kumficha ubaya wake ni kumfanya mtu mwingine. Tenori alirudi Jumamosi iliyofuata kama kawaida, akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

Wakati huo mama mkwe wake Maestro alikuwa amekuja kutoka Kabongo kutibiwa macho. Kwetu mkwe mwanamume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Yeye akipita hapa, wewe unageukia kule. Yeye akiwa ndani, wewe una kazi nje. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ni nzito kuliko sheria. Kwa hiyo Nkambo, ndivyo sisi tulivyomwita kwa kumheshimu bibi, alikaa jikoni nyuma ya nyumba, ukuta mmoja tu kati yake na sebule. Macho yalikuwa yamefunga ukungu. Alibaki na masikio.

Nilikwenda kumsalimia baada ya zoezi moja baya. Alinishika mkono, akavuta kichwa changu karibu.

"Mutoto yangu, ile kintu ya mukwe wangu, inaogopaka?"

"Itaogopa nini, Nkambo? Ni mashini."

"Mi nikiogopa, na yenyewe inaogopa. Udongo inaruka, masahani inalia, moyo yangu inaanguka. Kisha kidogo, yenyewe inalia weee. Nanyi muko munaimba tu. Hamusikie?"

"Tusikie nini?"

"Bale batu ba mugodi! Banapasula inchi!"

Nilimtazama kama mwenye homa. Kisha nikaelewa anachosema. Baruti. Mgodini walikuwa wanalipua mwamba, karibu kila alasiri wafanyakazi wakishatoka shimoni, na nyumba zetu zote zilitikisika. Nilijua hilo kama ninavyojua nina visigino. Lakini mtoto wa Kolwezi hulala usingizi katikati ya mlipuko, na mama yake anaendelea kuchambua matembele. Hakuna mtu kwetu anayesema "leo wamelipua," kama vile hakuna anayesema "leo nimepumua." Tulikuwa tumezaliwa ndani ya kelele ile na tumeacha kuisikia. Isitoshe, mashine haikufa palepale. Ilitikiswa, ikasogea ubeti mmoja au miwili, ndipo ikaanguka. Ilihitaji mgeni mwenye hofu kuviunganisha.

"Nkambo, juu ya nini haukusema?"

"Nilisema kwa mutoto yangu. Naye akamuambia bwana yake. Akajibu mama anaogopaka hata kuku."

Nilirudi sebuleni nikiwa nimewaka. Maestro alikuwa ameinamia kibao. Nilimwambia yote, na alipoinuka rula ilipiga meza.

"Sikio yangu mi, Alto? Baruti ipite mu nyumba yangu, mi sisikie?"

"Ulisikia njaa ya tata wa besi," nikamjibu. "Baruti haukusikia."

Mke wake alifunika mdomo. Hakuna mtu aliyekuwa amemjibu hivyo, mwenye sauti au asiye na sauti. Nilingoja anifukuze. Aliniangalia, kovu likipanda na kushuka, kisha akasema nirudi kesho, alasiri, nisiimbe kitu.

Kesho yake tulikaa watatu: yeye, mke wake na mimi. Alikuwa amekifungua kibao, wimbo unacheza kwa sauti ndogo, naye ameweka vidole juu ya vile vidude vyeusi, vyepesi, kama mtu anayepima homa. Tulingoja. Kungoja kitu ambacho umekizoea ni kazi ngumu ajabu. Nilisikia maji kwenye mabomba, nilisikia jirani anafagia. Nikaanza kufikiri siku hiyo hawatalipua. Kisha sakafu ilisukuma nyayo zangu kutoka chini, glasi zikalia kabatini, kioo cha dirisha kikatetemeka, na mimi, mwanamke mzima mzaliwa wa hapa, niliruka. Mara ya kwanza maishani mwangu nilisikia mji wangu.

Maestro hakuruka. Alifumba macho. Wimbo uliendelea, ubeti ukaisha, mwingine ukaanza, kisha weeee. Alibonyeza kidude kimoja kwa gumba, nasi sote tukasikia kikiingia kwenye tundu lake: tik. Kila mlipuko ulikuwa unakiinua unywele mmoja kutoka mahali pake, na kila alipopangusa vumbi kidole chake ndicho kilichokirudisha. Brashi haikuwa imeponya kitu.

Aliketi. Sijui niliseme vipi. Nilimwona mtu mzima anaona haya mbele ya televisheni.

"Miaka yote," akanong'ona.

Ugonjwa ukishajulikana, dawa huwa ya kawaida. Alikata mpira wa ndani wa baisikeli vipande vyembamba, akavifungia vile vidude visipande. Lakini meza yenyewe ilikuwa inaruka. Alijaribu blanketi iliyokunjwa, haikufaa. Kilichotakiwa ni sponji nene, na katika nyumba ile godoro la sponji lilikuwa moja, la Nkambo. Mke wake alipolitaja, Maestro alishtuka kuliko alivyoshtushwa na baruti.

"Mi niguse pahali mama-mukwe analala? Heri kwaya ikufe."

Na alimaanisha. Wazee walikuwa waje Jumamosi ya wiki hiyohiyo, na huyu mtu alikuwa tayari kupoteza kila kitu kwa kona ya godoro. Nilitaka kulia, nilitaka kumpiga na rula yake. Mke wake alitandaza mikono tu. Ndipo tukasikia sauti ya Nkambo jikoni, kubwa, kavu. Alikuwa anaongea na ukuta, maana ukuta mkwe anaruhusiwa kuusikia.

"Ee ukuta! Uambie mwenye nyumba atafute kuku mweupe, alete kwa mulango, haya itoke. Mi nitalala pa godoro ya kukatwa. Nilikuya hapa juu ya macho, lakini masikio yangu imependa hii kwaya."

Kuku wa kutoa haya ni desturi. Mkwe humleta siku familia zikikubali kulegeza. Kwa kawaida ni jambo la miaka. Maestro alisimama mbele ya ukuta ule, akafungua mdomo, na mnong'ono wake haukuweza kupita matofali. Akanigeukia.

"Alto. Ambia ukuta: aksanti, mama."

Nikaupigia kelele ukuta kwa niaba yake. Upande wa pili Nkambo alicheka, kisha tukasikia kisu kinakata sponji.

Jumamosi ile wazee walikaa mstari mmoja kwenye viti vya kuazimwa. Mashine ilikuwa juu ya sponji, imefungwa mipira, inapendeza kama mgonjwa aliyefungwa bandeji mpya. Tenori alisimama mlangoni pake, nusu nje. Tuliimba wimbo wa kwanza, wa pili. Katika wa tatu, ule mrefu, nilianza kuhisi kitu ambacho hata Maestro hakukifikiria. Kwaya nzima ilikuwa inangoja mlipuko. Sasa tulikuwa tunajua. Masikio yetu yalikuwa yamefunguka na hatukuweza kuyafunga.

Ulikuja. Mashine haikuteleza hata noti. Sisi ndio tuliokufa. Soprano walishtuka wakakata pumzi, besi wakapotea, mimi nikabaki natoa sauti bila kujua niko ubeti gani. Maestro aliinua mikono, mdomo wazi, hana cha kutuitia. Nikaona kwa macho yangu fimbo inamtoka.

Kutoka mlangoni Tenori alipaza sauti. Hakuingia ndani, hakumtazama mzee yeyote. Aliishika noti yake na kuipandisha juu ya mashine na juu ya hofu yetu mpaka besi wakaikamata, soprano wakaikamata, nami nikapata mahali pangu chini yao. Angenyamaza tu kidogo, kwaya ingekuwa yake. Wazee hawakugundua tulivyopotea. Mwenyekiti alisema mlipuko wa leo ulikuwa mkubwa, akamshika Maestro mkono, na habari ya fimbo ikaishia hapo. Pentekoste ikapita vizuri. Maestro hakumshukuru Tenori mbele yetu, ila Jumamosi iliyofuata alimwekea kiti ndani, karibu na meza.

Miaka ikapita. Mgodi ulidhoofika, mishahara ikachelewa, na wakati wa uporaji mkubwa ulioikumba nchi watu waliingia kwa Maestro wakachukua televisheni na kibao chake, labda wakidhani ni redio. Bila mashine, wazee walirudi na maneno yao marefu. Apumzike. Fimbo ikaenda kwa Tenori, na safari hii hapakuwa na Pentekoste ya kuomba. Mimi niliacha kwaya siku hiyohiyo. Nilisema siwezi kuimba chini ya mtu mwingine, nikawatukana wazee kidogo, nikaenda kukaa na waumini wa kawaida.

Mara ya mwisho nilipoonana naye ilikuwa Jumapili moja kanisani. Alikuwa amekonda, kola imemzidi, lakini alikaa wima kwenye benchi la nyuma. Nilikaa kando yake. Kwaya iliimba, na katika ubeti wa tatu alto wakashuka. Si kidogo. Besi wakawafuata huko chini, na Tenori mbele yao anaimba kwa uzuri wake wote bila kujua. Nilimtazama Maestro. Uso haukusogea.

Baada ya ibada mwenyekiti wa wazee, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo, alikuja moja kwa moja kwetu.

"Tata Maestro, nakuuliza kweli ya Mungu, juu bazee banaulizana. Kwaya iko muzuri, ao iko inaanguka? Kama Tenori hawezi, sema leo. Tutakurudishia. Tutatafuta namuna ya kukusaidia, hata bila mashini."

Nilimgeukia Maestro. Neno moja tu. Maestro alivuta pumzi.

"Hakuna kosa," akanong'ona.

Mzee aliinamisha kichwa, akaenda zake ameridhika. Nilimsindikiza Maestro barabarani, na hasira ilinibana mpaka tulipofika kwenye kona.

"Maestro, haukusikia? Alto ilianguka ubeti ya tatu!"

"Nilisikia." Alisimama kupumzika. "Na besi ikaifuata kama mbuzi. Tenori hakusikia juu alikuwa anaimba. Mutu mwenye sauti anajisikia mwenyewe. Mi nilianza kusikia kwaya siku niliacha kuimba."

"Basi si ungesema! Bangekurudishia!"

"Njo maana sikusema."

Niligeuka nikaangalia barabara. Machozi yalinijia nikayaacha yatoke. Aliningoja nimalize, kisha akanisogelea, maana mnong'ono wake ulikuwa umebaki mwembamba sana.

"Ile noti, alto moja tu njo ilikuwa inaweza kuishika. Iko wapi? Iko hapa, inanisindikiza kama mujane."

Akaniacha nimesimama. Alitembea polepole kuelekea kwake, bila kugeuka.

Jumamosi iliyofuata nilifika mazoezini kabla ya watu wote. Tenori alipoingia alinikuta kwenye benchi la alto. Aliniangalia, akaangalia mlango nyuma yangu, kama kuna mtu mwingine anakuja.

"Hakuna mutu," nikamwambia. "Funga mulango. Tuanze na ubeti ya tatu."